Kijiji kilipopiga kura kuamua mama mkwe wangu arithiwe na nani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mnaosoma kazini huku mkijifanya mna shughuli.

Miaka ya tisini, kule Nyatike, upande wa Kenya, watu wa kijiji chetu walikaa katika darasa la shule ya msingi wakapiga kura kuamua mama mkwe wangu arithiwe na mwanamume gani.

Kura yenyewe ilikuwa ya haki. Hakuna aliyehongwa, hakuna aliyetishwa. Wanawake pia tuliruhusiwa kuinua mkono. Msimamizi alikuwa diwani wetu, tuliyemchagua sisi wenyewe.

Karibu kila mkono ulipanda.

Nilikuwa ndani ya darasa hilo. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia kwa masikio yangu. Pale ambapo niliambiwa, nitasema niliambiwa. Maneno mengi yalisemwa kwa Dholuo, nayaweka kwa Kiswahili ili sote tuelewane, hata ndugu zetu wa Tarime na Shirati.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Mimi kwetu ni Rangwe. Niliolewa Nyatike, upande wa karibu na Macalder, ambako mume wangu Ouma alikuwa akichimba dhahabu na wenzake kwenye mashimo ya zamani. Kwa hiyo mama mkwe wangu aliniita Nyar Rangwe, binti wa Rangwe, na watu wote wakafuata. Yeye mwenyewe aliitwa Min Ouma, mama Ouma. Mimi nilimwita Mama tu.

Baba mkwe alikuwa na wake wawili. Mama ndiye mkubwa. Wa pili nilimwita mama mdogo, na alikuwa na watoto ambao bado walikuwa wadogo.

Mama alikuwa Msabato. Mzee hakuwa na dini ya kukazania, lakini kila Jumamosi alimsindikiza mkewe mpaka langoni mwa kanisa, akamkabidhi mwavuli, akageuka akaenda zake kunywa busaa, pombe ya kienyeji. Jioni alikuwa pale pale langoni akimngoja. Nimekaa kwenye ndoa miaka mingi sasa, na bado huo ndio mfano ninaoutumia moyoni kupima waume za watu.

Ukaja uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Kulikuwa na furaha, jamani. Kura ya siri! Hakuna tena kupanga foleni nyuma ya mgombea huku chifu akikuangalia usoni. Mgombea mmoja wa udiwani alikuja kwetu akasema sasa mwananchi ana haki zake na hakuna atakayemwonea. Mama alimpenda. Akazunguka kwa wanawake wa kanisa kumwombea kura, akawapikia vijana wake wa kampeni. Akashinda vizuri.

Mwaka uliofuata, Mzee akafa. Kifua.

Wasiojua mila yetu naomba mnisikilize hapa, maana kila kitu kinategemea jambo hili.

Kwetu, enzi hizo, mume akifa na matanga yakiisha, mjane alitakiwa arithiwe na ndugu au binamu wa marehemu. Mrithi huyo huitwa jater. Kabla ya hapo mjane hakuingia kwenye boma la mtu mwingine, hakujengewa nyumba, na hakuanza kupanda mbegu.

Na kupanda nako kuna mpangilio. Mke mkubwa ndiye anayetangulia kuweka mbegu ardhini. Akishapanda yeye, anafuata mke mdogo, kisha wake za watoto wa kiume kwa kufuatana kwao. Ukimruka aliye mbele yako, watu waliamini unaleta chira, laana inayomfanya mtu akonde mpaka aishe. Na miaka ile, wakuu, watu waliokuwa wakikonda mpaka wanaisha walikuwa wengi mno. Hakuna aliyetaka kujaribu.

Mama mdogo alikubali mapema. Alirithiwa na binamu wa marehemu, mtu mpole, mambo yakaisha.

Mama akakataa.

Wazee walikuwa wamemchagulia Mzee Odira, binamu mwingine, mtu aliyependa redio yake kuliko watu. Walikuja kumweleza taratibu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwawekea chai. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Odira sina ubaya naye. Lakini mimi nilimzoea mwenye nyumba hii. Sina nguvu ya kuanza kuzoea kikohozi cha mtu mwingine."

Mmoja akacheka. Wengine hawakucheka.

"Min Ouma, hii si habari ya kupenda. Ni habari ya boma."

"Boma nimelilea. Mwili ni wangu."

Wakaondoka, chai imebaki vikombeni.

Mvua ikaanza. Mnaijua ardhi ya kwetu, ile nyeusi, ukichelewa kidogo inakuwa matope hata jembe halitoki. Majirani wote wakaingia shambani. Boma letu peke yake lilikaa. Mama hajapanda, kwa hiyo mama mdogo hawezi kupanda, kwa hiyo mimi siwezi kupanda.

Mama hakumkataza mtu. Nataka hilo lieleweke. Alituita akasema, "Chukueni majembe mwende. Mimi sijawafunga." Tukabaki tunaangaliana. Mama mdogo akamwambia kwa upole, "Nyieka, wewe hujatufunga, lakini tumefungika." Nyieka ni mke mwenza.

Basi Mama akaamua kutafuta msaada. Akaniambia nimsindikize.

Tulianza kwa bwana D.O., afisa wa tarafa. Huyu alikuwa mtu wa mbali, aliletwa na serikali, hakuchaguliwa na mtu. Mama hakuzoea Kiswahili, nikawa namtafsiria. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni, ufunguo wa gari mkononi.

"Hiyo ni maneno ya nyumbani, mama. Serikali haiwezi kuingia kwa nyumba ya mtu. Nyinyi si mko na diwani? Mlimchagua wenyewe, sio? Mwende kwake."

Tukaenda Migori mjini, ofisini kwa diwani. Na hapa lazima niwe mkweli: alitupokea vizuri sana. Aliinuka kitini. Akamshika Mama mikono yote miwili.

"Min Ouma! Karibu, karibu. Mnyweshe chai huyu mama, huyu ndiye aliyenifikisha hapa."

Mama akamweleza. Hakuomba makubwa. Alisema, "Mwanangu, nataka usimame mbele ya watu useme jambo moja tu, kwamba hakuna sheria inayonilazimisha. Wakisikia kwako watatulia. Na useme pia kwamba watoto wa boma langu wakipanda hawatafanywa lolote."

Diwani aliinuka tena. Kisha akafunga mlango.

"Mama, unachosema ni kweli. Hakuna sheria. Lakini nikisimama pale niseme hivyo, mimi nimekwisha. Watasema nimeenda mjini nikasahau kwetu. Kura yako ni moja, na ukoo ni ukoo."

"Kwa hiyo haki ulizokuwa unazisema wakati ule?"

"Hizo ni haki za wananchi, Mama."

"Na mimi ni nani?"

Akamwongezea sukari kwenye chai.

Nilimshauri Mama twende mahakamani, kwa kuwa mahakama ilikuwepo hapo hapo Migori. Akatingisha kichwa. "Nyar Rangwe, nikawashtaki watu ambao nitazikwa kati yao? Halafu kaburi langu litachimbwa na hakimu?"

Tukarudi nyumbani.

Siku chache baadaye diwani akaitisha mkutano shuleni. Nadhani aliamini kabisa amepata njia nzuri. Alikuja amevaa koti, akasimama mbele ya ubao, akasema zamani wazee wachache ndio waliokuwa wakiamua, sasa mambo yamebadilika, kila mtu ana sauti. Wanawake nao wana sauti. Kwa hiyo jambo hili la boma la marehemu liamuliwe na wote, kwa kura.

Watu wakapiga makofi.

Mume wangu hakuwepo. Mtoto wa kiume kukaa akisikiliza watu wakijadili kitanda cha mamake, hapana. Alibaki Macalder ndani ya shimo siku nzima, na wenzake waliniambia baadaye kwamba hakuchimba kitu, alikaa tu.

Mama alikuwa kwenye dawati la mbele, amefunga kitambaa chake cha kanisani. Madawati yale yalikuwa ya watoto, magoti yake yalikuwa yamebanwa.

Diwani akauliza, "Wanaokubali Min Ouma arithiwe na Mzee Odira, kama mila inavyotaka, waonyeshe mkono."

Mikono ikapanda. Wazee, vijana, wanawake wa kanisa lake, wale wale aliokuwa amewaombea kura. Sikuona chuki kwenye nyuso zao. Niliona watu wenye wasiwasi wa chira, na wengine wanaoangalia jirani ameinua ndipo wainue.

Mama mdogo alikuwa nyuma yangu. Niligeuka. Mkono wake ulikuwa juu, na alikuwa analia.

"Wasiokubali?"

Mama akainua. Mimi nikainua. Halafu, kutoka pembe ya darasa, Mzee Odira mwenyewe akainua.

Darasa likalipuka kwa kicheko.

"Odira! Unapewa na unakataa?"

"Nina wake wawili, na wote wananipigia kelele nizime redio," akasema. "Mnaniongezea wa tatu kwa nini? Huyu mama amesema hataki. Mnataka nimshike kwa pingu?"

"Kaa chini, wewe umelewa!"

"Nimelewa, lakini nimesikia alichosema."

Hiyo ndiyo hotuba pekee ya kumtetea Mama iliyotolewa siku ile, na ilitoka kwa bwana harusi.

Diwani akatangaza matokeo. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: maadamu Min Ouma anakaa mle bila kutii uamuzi wa watu, boma lile lisiguse jembe, ili majirani wasipatwe na mkosi. Naibu wa chifu aangalie hilo. Yaani hofu iliyokuwa yetu ya ndani sasa ikawa amri ya kiongozi.

Jioni hiyo mama mdogo alikuja jikoni kwa Mama. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nyieka, niliinua mkono."

"Nimeuona."

"Watoto."

"Najua. Ingia ule."

Akaingia. Wakala kwenye sinia moja, Mama akimsogezea mboga upande wake. Sijawahi kusahau namna alivyokuwa akiisogeza kwa kidole kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto asiyekula vizuri.

Baada ya kula Mama akasema, "Nitaenda Homa Bay."

Tulidhani ni matembezi. Kumbe alikuwa ameshafikiria yote. Akitoka bomani, mama mdogo ndiye mkubwa aliyebaki, na yeye ameshakamilishiwa mila. Anaweza kupanda. Akipanda yeye, sisi wote tunapanda. Hakuna chira, hakuna amri iliyovunjwa, na Mama mwenyewe hakuna atakayemgusa.

Mama mdogo akaanza kupinga. "Na nyumba yako? Utalala wapi?"

"Nitalala peke yangu, ndicho nilichoomba."

Asubuhi alifunga nguo zake kwenye leso. Akatoa kibuyu cha mbegu, ambacho hukaa kwa mke mkubwa, akakiweka mikononi mwa mwenzake. "Nikishapita lango wewe ndiye wa kwanza. Usingoje nifike mbali, mvua haitungoji."

Akaenda kwanza kwenye kaburi la Mzee, pale pembeni mwa nyumba yake. Alisimama. Alisema kitu, lakini kwa sauti ya chini, na mimi sikusogea.

Ouma alibeba mzigo mpaka barabarani. Kabla hatujafika, tulisikia jembe nyuma yetu likiingia ardhini. Mama akatabasamu, akasema, "Anapanda karibu karibu mno, daima nimemwambia."

Mimi nilimfikisha Homa Bay, kwa rafiki yake Msabato kutoka Rusinga aliyekuwa akiuza samaki karibu na ziwa. Alianza kupika uji wa kuwauzia wachuuzi wa samaki alfajiri. Baadaye akapata chumba chake cha kupanga. Nilikuwa nikimtembelea kila nilipoweza, na msimu ule wa kwanza mama mdogo alinipa gunia la mahindi mabichi nimpelekee. Mama aliyachoma yote siku hiyo hiyo akagawia majirani, akiwaambia, "Haya ni ya nyumbani kwangu."

Mdau mmoja amenitumia ujumbe nikiwa bado naandika, anasema huyo diwani ni mshenzi. Naomba tusimalize hivyo kirahisi.

Yule bwana alituletea kisima kinachotoa maji safi hadi leo. Alileta dawa kwenye zahanati. Alipigania daraja. Kila kitu ambacho wengi walikitaka, alikifanya, na alichaguliwa tena.

Nilikutana naye siku moja Migori sokoni, kipindi chake cha pili. Akaniuliza, "Min Ouma hajambo?" Nikamwambia hajambo, anauza uji. Akainamisha kichwa.

"Nyar Rangwe, ningefanya nini mimi?"

"Ungesema tu kwamba jambo lile halipigiwi kura."

"Na wangenirudisha?"

Sijui kama wangemrudisha. Nadhani hapana.

Na hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikufundishwa shuleni. Tulipokuwa tukidai kura tulifikiri ukishachagua serikali, uhuru wako unakuja nayo kwenye furushi moja. Kumbe ni mizigo miwili. Kura inampa kiongozi sababu ya kuwasikiliza wengi. Haimpi sababu yoyote ya kumsikiliza mmoja anayekataa wanachotaka wengi, na uhuru wa mtu unahitajika hasa siku hiyo ambayo yuko peke yake. Siku ambayo kila mtu anakubaliana nawe huhitaji kulindwa.

Aliyechaguliwa aliogopa kura. Aliyeteuliwa hakutaka usumbufu. Mahakama ilikuwepo, lakini ilimtaka Mama apoteze watu wake kwanza ndipo apate haki yake. Na sisi wananchi tuliinua mikono, tukarudi nyumbani tukijisikia wastaarabu kwa sababu tulihesabu.

Sisemi turudi kwenye foleni za zamani, wala sisemi mila yote ni mbaya. Mila ndiyo iliyonifundisha kumheshimu yule mama. Nasema kuna mambo ya mtu ambayo hayafai kuwekwa mezani hata kama meza ni ya kidemokrasia, na lazima awepo wa kuyalinda, mtu ambaye kazi yake haitegemei kupendwa.

Siku hizi katiba yetu ni nyingine, na imeandikwa vizuri. Kule kwetu wajane wengi wanakataa na hakuna anayeitisha mkutano. Wengine bado wanaona wasipokubali, jirani zao hawawasalimii. Naomba mlio na mifano yenu muiweke hapa chini, hasa mliowahi kuwa miongoni mwa wale wengi. Na wanasheria mlioko humu, niambieni: mwaka ule, kwa sheria zilizokuwepo, Mama angeweza kwenda kwa nani?

Mama bado yuko Homa Bay. Ni mzee sasa, uji aliacha. Mzee Odira na mama mdogo wametangulia, na wote wawili alikuja kuwazika, akarudi jioni hiyo hiyo bila kulala.

Mwaka jana Ouma alienda kwenye nyumba ya mamake, ile ambayo mila ilisema isitengenezwe kabla hajarithiwa, akang'oa mabati yaliyooza akaweka mapya. Hakumwomba mtu ruhusa. Wazee walipita barabarani wakaona. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyempongeza. Tulimpigia Mama simu tukamwambia nyumba iko tayari.

Aliuliza kama mlango unafungika kwa ndani. Tukamwambia unafungika.

Akasema atafikiria. Hajatuambia bado.